Alama ya theluji kwenye tairi la Kampala

Binamu yangu anayeishi Montréal, Kanada, alinipigia simu siku moja asubuhi, kwake ikiwa bado usiku. "Kaka, wewe si ndiye unayejua magari?" Matairi ya Corolla yake yalikuwa yamefika kikomo. Muuzaji alimshauri achukue ya misimu yote, amalize kazi. Mwenzake kazini akamwambia hakuna tairi la misimu yote, hilo ni jina tu la kuuzia. Sasa alitaka mimi, niliye kwenye mstari wa ikweta, nimwambie anunue nini kwa ajili ya theluji.

Nilikuwa Ndeeba nikimsubiri fundi anizibie pancha. Nikainama kwenye tairi la Premio yangu ili nimweleze jinsi ya kusoma maandishi ya ubavuni. Chini ya vumbi jekundu nikaona mchoro mdogo: mlima wenye vilele vitatu, na katikati yake chembe ya theluji. Nikazunguka gari. Matairi yote manne yalikuwa na mchoro huo. Matairi ya yule anayekoga theluji kila Januari hayakuwa nao hata mmoja.

Theluji yetu sisi Waganda iko Rwenzori, huko juu ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5,109, na hata hiyo inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Hakuna barabara ya gari inayofika huko. Basi swali la binamu likawa langu pia, ila kwa kinyume: yeye alihitaji kujua kama tairi lisilo na alama litamfaa, nami nilihitaji kujua kama tairi lenye alama litaniua.

Tuanze na namba

Lake liliandikwa 205/55R16 91H, langu 195/65R15 91Q. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, ikiwa asilimia ya ule upana. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na siku hizi karibu magari yote madogo yanatumia aina hiyo. Namba inayofuata ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hapo wengi huachia, wakati yaliyobaki ndiyo yenye habari zaidi. 91 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 615. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu ambao tairi limejengwa kuuvumilia: H ni kilomita 210 kwa saa, T ni 190, S ni 180, Q ni 160.

Hakuna mwenye akili anayekwenda 160 kwenye barabara ya Masaka (wapo wanaokwenda, nao siwaiti wenye akili). Lakini ile Q ilipaswa kunishtua tangu mwanzo. Tairi la kawaida la gari dogo la kifamilia huwa S, T au H. Q kwenye gari dogo mara nyingi ni dalili kwamba mpira ni laini na meno ni marefu yenye kuyumba, yaani tairi la majira ya baridi kutoka Japani. Nitarudi hapo.

Kuna pia neno DOT likifuatwa na mlolongo wa herufi na tarakimu. Zitazame nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwenye bembea ya watoto.

Matope, theluji, na ndoa isiyofaa

Alama iliyomchanganya binamu ni herufi M+S. Herufi hizo zinasimama mahali pa matope na theluji, na matairi yake ya zamani yalikuwa nazo. Akauliza: kama tairi limeandikwa theluji, kwa nini Desemba iliyopita aliteleza kwenye makutano hadi akapanda ukingo wa barabara?

Jibu ni kwamba M+S haitokani na mtihani wowote wa theluji. Mtengenezaji huiweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno: nafasi wazi kati ya meno zifikie takriban robo ya uso wa tairi, na mifereji ifunguke hadi pembeni. Hakuna anayeuliza mpira wenyewe umechanganywa na nini, wala hakuna anayelipeleka tairi kwenye theluji kuona kama linasimama. Karibu kila tairi la misimu yote la Amerika Kaskazini lina herufi hizo.

Ule mchoro wa mlima na chembe ya theluji ni jambo jingine. Ulianzishwa Amerika Kaskazini mwaka 1999, baada ya kuonekana kwamba M+S imekuwa pambo tu. Ili tairi liupate, linapelekwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulinganishwa na tairi maalumu la kipimo, na mvuto wake lazima ulizidi lile kwa kama asilimia 10 au zaidi. Ulaya nayo ikaukubali mchoro huohuo kwa kanuni zake.

Ila hata mchoro huu una mipaka yake. Kipimo cha Amerika kinapima jinsi tairi linavyouma theluji wakati gari linavuta kwenda mbele. Hakipimi kukata kona. Wala hakihusu barafu, ile ya kioo inayofanya watu waanguke kwenye ngazi za nyumba zao. Kwa barafu kuna alama nyingine ya Ulaya, yenye umbo kama mwiba wa barafu, ambayo imeonekana kwenye karatasi za matairi mapya tangu mwaka 2021.

Serikali nazo hazikubaliani. Québec, ambako Montréal iko, gari dogo lililosajiliwa huko haliruhusiwi kutembea kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi bila matairi ya majira ya baridi, na tangu mwishoni mwa 2014 M+S peke yake haitoshi. Wanataka mchoro wa mlima. Upande wa pili wa nchi hiyohiyo, British Columbia, barabara nyingi zenye sharti la matairi ya baridi zinakubali hata M+S, mradi meno yawe na kina cha milimita 3.5 au zaidi. Ujerumani walikuwa wakikubali M+S, kisha wakabadilisha: kwa matairi yaliyotengenezwa kuanzia 2018 ni mlima tu, na yale ya zamani yakapewa muda hadi tarehe 30 Septemba 2024. Tairi ni lile lile, ukivuka mpaka linageuka kosa.

Sasa hiyo ndoa ya matope na theluji. Sisi tunaoendesha kwenye udongo mwekundu wa Bundibugyo au Kapchorwa msimu wa mvua tunajua tairi zuri la matope ni lipi: lenye meno makubwa yaliyoachana, linalotema. Likizunguka mara moja tope linaruka kwenye mbawa za gari, na meno yanarudi safi kuuma tena. Tairi likijaa tope likawa kama chapati, safari imeishia hapo, tafuta vijana wa kusukuma.

Theluji haiko hivyo. Tairi la theluji halitakiwi kutema, linatakiwa kushika. Theluji hushikamana na theluji kuliko inavyoshikamana na mpira, ndiyo maana watoto wa huko wanaviringisha donge dogo hadi likawa kubwa kama pipa. Kwa hiyo uso wa tairi la theluji umejaa chale nyembamba, mamia kwa mamia, kama zile wanazochanja waganga, ila hizi ni kwenye mpira. Chale hizo hufunguka tairi linapokanyaga, zikaifumbata theluji, kisha ile theluji iliyofumbatwa ndiyo inayoikamata ya chini. Zaidi ya hapo, kila chale ni ukingo mmoja mkali wa ziada wa kukwangua.

Kwa hiyo tairi linaloandikwa kwamba linaweza matope na theluji kwa pamoja linadai kutema na kushika kwa meno yaleyale. Lipo la katikati, lakini tusidanganyane kwamba ni bingwa wa vyote viwili.

Mpira una hali ya hewa yake

Hapa ndipo penye siri yote, na kama una haraka, soma sehemu hii tu.

Mpira wa tairi si mpira mmoja. Ni mchanganyiko wa mpira wa asili, mpira wa viwandani, masizi, silika, mafuta na dawa nyinginezo, na kila mpishi ana vipimo vyake. Mchanganyiko huo una kiwango cha joto ambacho chini yake huanza kukakamaa na kuwa kama plastiki ya jagi. Mpira mgumu hauwezi kujibana ndani ya vijishimo vidogo vidogo vya lami, na kule kujibana ndiko tunakoita kushika barabara. Ulaya na Kanada hutumia nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka wa kukumbuka: chini ya hapo tairi la kiangazi huanza kupoteza nguvu hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji hata chembe. Tairi la baridi limepikwa libaki laini hata joto likiwa chini ya sifuri.

Tairi la misimu yote ni mapatano. Lile la kawaida, lenye M+S tu, limeegemea upande wa joto. Linavumilia asubuhi ya baridi na mvua, lakini kwenye theluji ya kweli linababaika. Goodyear waliuza Tiempo kama tairi la misimu yote Marekani tangu mwaka 1977, na tangu hapo Wamarekani wengi wamezoea kuendesha nalo mwaka mzima. Kisha likaja kundi jipya zaidi, la misimu yote lenye mchoro wa mlima. Michelin CrossClimate, lililotoka mwaka 2015, ndilo lililolipa kundi hilo jina kubwa Ulaya, na toleo lake la pili linauzwa sana Amerika. Hayo yameegemea kidogo upande wa baridi bila kuyeyuka wakati wa kiangazi. Utayajua kwa macho: meno yake mara nyingi yamepangwa kama herufi V, na ubavuni kuna mshale wenye neno la kuonyesha upande wa kuzungukia.

(Huo mshale, jamani. Hapa Kampala nimeona tairi la mshale limefungwa kinyume, kushoto likaenda kulia, na fundi akaniambia "litazunguka tu, mzee." Litazunguka, ndiyo. Lakini ile V imechongwa ili kusukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Ukiigeuza haifanyi tena kazi yake siku ya mvua.)

Sasa geuza mambo upande wetu. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana wake wa kawaida ni nyuzi 27 au 28, na lami iliyopigwa na jua la saa nane hupita nyuzi 50. Hata Kabale, tunakoenda na makoti, usiku unashuka hadi karibu nyuzi 10, bado juu ya ule mpaka wa 7. Hakuna mahali pa kawaida pa kuendesha Uganda ambapo mpira wa baridi unapata baridi yake. Ukiliweka tairi la baridi kwenye lami ya namna hiyo, linakuwa kama siagi juani: meno marefu laini yenye chale nyingi yanapinda badala ya kusimama, usukani unakuwa na uvivu, mabega ya tairi yanalika haraka, na mbaya kuliko yote, umbali wa kusimama unarefuka.

Mimi nilifikiri ni shoki zimechoka. Karibu na Lwera, mvua imeanza dakika tano zilizopita, lori lililokuwa mbele likawasha taa nyekundu. Nikakanyaga breki, na mkia wa Premio ukataka kunipita. Nilisimama, nikiwa nusu ya bonde la majani. Wiki iliyofuata nilibadilisha shoki mbili za nyuma. Pesa ya bure.

Yalifikaje hapa?

Kwa meli, kupitia Mombasa, kama karibu kila kitu kinachotembea kwa magurudumu nchini mwetu. Japani ya kaskazini, Hokkaido na mikoa ya Tohoku, ina theluji nyingi sana. Zamani walitumia matairi yenye misumari ya chuma, lakini misumari ilikuwa ikisaga lami na kujaza miji vumbi, hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaipiga marufuku. Tayari Bridgestone walikuwa wametoa Blizzak mwaka 1988, tairi la barafu lisilo na misumari, linalotegemea ulaini wa mpira wenye vitundu vidogo vya kunyonya utando wa maji. Wajapani huyaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "yasiyo na misumari", na neno hilo, STUDLESS, huandikwa wazi ubavuni.

Mwenye gari wa kule ana seti mbili, ya theluji na ya kiangazi. Gari likiuzwa mnadani, linaondoka na yale yaliyokuwa miguuni siku hiyo. Vilevile matairi ya theluji huachwa mapema huko: ndani ya mifereji yake kuna kituta cha ziada, mbali na kile cha kawaida cha milimita 1.6, kinachoonyesha kwamba nusu ya meno imeisha. Ikifika hapo, Mjapani halihesabu tena kuwa tairi la theluji. Anayelipokea upande huu analiona lina meno mengi, zuri, la "Japan", la bei nafuu. Hakika lina meno. Ni meno ya kazi nyingine.

Yangu niliyauziwa Kisenyi. Muuzaji, ambaye simtaji na wala simlaumu sana kwa kuwa sidhani kama naye alijua, alipigapiga tairi kama mtu anayechagua tikiti maji: "Ssebo, hili hata Wazungu wanalitaka." Hapo alisema kweli.

Kwa hiyo ukienda kununua mtumba, au ukipokea gari jipya kutoka bandarini, chuchumaa. Tafuta lile neno STUDLESS. Tafuta majina ya familia za barafu kama Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx au X-Ice. Ni matairi mazuri sana, kwao. Tazama herufi ya mwendo kama ni Q. Hesabu chale: kama kila jino limekatwakatwa kwa mistari ya nyoka inayokaribiana kama meno ya kitana, jihadhari. Bonyeza jino kwa ukucha. La baridi linabonyea kirahisi kuliko jirani yake, ingawa tairi kuukuu la baridi linaweza kuwa limeshakakamaa kwa uzee, nalo ni baya kwa sababu nyingine.

Lakini usikimbie kila mlima utakaouona. BFGoodrich All-Terrain KO2, ambalo wenye Land Cruiser na Hilux wanalipenda, lina mchoro huohuo wa theluji, na bado mpira wake ni mgumu, umejengwa kwa mawe na joto. Vivyo hivyo yale mapya ya misimu yote yenye V. Mchoro unakuambia mtihani ambao tairi limefaulu. Haukuambii mitihani ambayo lingefeli. Ndiyo maana inabidi usome alama zote pamoja, kama daktari asiyetoa dawa kwa kikohozi peke yake.

Nilichomwambia binamu

Kwanza nilimuuliza anakwenda wapi. Anaishi mjini, anafanya kazi mjini, barabara zinasafishwa theluji asubuhi na mapema, na nyumba yake haina pa kuhifadhia seti ya pili. Kwa mtu kama huyo, tairi la misimu yote lenye mlima ni chaguo la akili: sheria ya Québec inalikubali, na mwezi wa Julai halitamwaibisha. Angekuwa anaendesha kila siku kwenda vijijini ambako barabara inakaa na barafu wiki nzima, ningemwambia anunue seti ya baridi halisi na kutafuta rafiki mwenye gereji. Kwenye barafu, hasa ile iliyo karibu na nyuzi sifuri yenye utando wa maji juu yake, tairi la baridi halisi bado liko mbele, na chembe ya theluji kwenye mchoro haikupimwa hapo.

Alitaka kununua mawili tu ya mbele, kwa kuwa gari linavuta kwa mbele. Nilimkataza. Mbele ikishika na nyuma isishike, siku ya kona yenye theluji mkia utamtangulia. Manne au hakuna. Na hata mtu akibanwa akanunua mawili, iwe kwake au kwetu, yale mapya hufungwa nyuma. Najua mafundi wetu wengi huyapeleka mbele, lakini mbele ikianza kuteleza unaisikia kwenye usukani na kupunguza mwendo, ilhali nyuma ikiteleza unaisikia ukiwa umeshageukia ulikotoka. Wenye Subaru na magari mengine ya kuvuta kote kote wana sababu ya ziada: tairi jipya na lililolika hayazunguki sawa, na tofauti hiyo inakwenda kuumiza gia ya katikati.

Alitaja rafiki yake mwenye gari la kuvuta magurudumu manne ambaye haweki matairi ya baridi. Kuvuta manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari duniani linasimama kwa magurudumu manne, na kinachoshika chini ni mpira wa ukubwa wa kiganja kila upande.

Nilimkumbusha upepo pia. Joto likishuka kwa nyuzi tano au sita, tairi hupoteza kama psi moja, kile kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu. Aliyejaza Oktoba akasahau, Januari anaendesha na matairi yaliyolegea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si ya kujazia.

Na sisi je?

Theluji yetu ni mvua. Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, na hasa zile dakika kumi za mwanzo, vumbi na mafuta ya wiki nzima vinapochanganyika na maji kuwa sabuni. Kwa hiyo alama ninayoitafuta mimi ni ya kushika kwenye maji. Matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana gredi ya mvuto ubavuni, AA, A, B au C, ambayo ni kipimo cha kusimama kwenye lami na saruji zilizolowa. Chini ya A sinunui. Matairi ya baridi, kwa taarifa yako, hayamo kwenye mfumo huo wa gredi, kwa hiyo kukosekana kwake kwenye tairi la soko hilo ni dalili nyingine. Matairi mapya ya soko la Ulaya huja na karatasi yenye gredi ya maji kuanzia A hadi E.

Kisha kina cha mifereji. Milimita 1.6 ndicho kikomo ambacho nchi nyingi zimekiandika, lakini chini ya 3 tairi linaanza kuelea juu ya maji badala ya kuyakata. Huhitaji kipimo cha dukani. Njiti ya kiberiti na rula ya mtoto wa shule vinatosha. Na mtazame anayeuza mtumba wenye mifereji mizuri mno. Wapo wanaochonga kipara kwa kisu cha moto. Tairi linaloruhusiwa kuchongwa upya ni la lori, nalo huandikwa REGROOVABLE. La gari dogo likichongwa, kinachobaki chini ya mfereji ni nyuzi za chuma na Mungu.

Umri ni tatizo kubwa kwetu kuliko wanavyodhani watu. Jua la ikweta na hewa yenyewe hukausha mpira, nyufa zinatokea ubavuni hata kama meno hayajaguswa. Watengenezaji kadhaa wakubwa wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na litupwe likifika kumi tangu litengenezwe, hata spea ambayo haijawahi kushuka chini. Sheria yetu ya mwaka 2018 inakataa kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Gari linaweza kupita kihalali na miaka yake kumi na mbili, likiwa kwenye spea iliyozaliwa siku moja nalo.

Kwa anayeishi kwenye lami, tairi la kawaida la barabara lenye gredi nzuri ya maji linatosha, hata bila M+S. Anayekwenda Kisoro vijijini au Bududa kila wiki, lile la kutema tope linamfaa, akikubali kelele na mafuta kidogo zaidi. La katikati, lenye M+S ya kweli kwenye umbo lake na mpira wa joto, ndilo nililochukua mimi: wiki sita zilizopita, S badala ya Q, tarakimu nne za mwisho za mwaka huu. Breki zimerudi. Shoki, kumbe, hazikuwa na neno.

Yale manne ya theluji sikutaka kumuuzia mtu. Niliyapeleka Katwe kwa mzee mmoja anayeshona lugabire, zile ndala za mpira wa tairi. Akalitwaa moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalikunja jino kushoto na kulia, akanirudishia. "Hili laini sana," alisema. "Mteja atalimaliza kabla ya Krismasi."